Nyuzi Tatu Chini ya Mstari

Wateja ndio waliowabatiza. Mkubwa akaitwa Kata, mdogo akaitwa Pima, na baada ya miaka kadhaa hata mama yao mzazi, siku alizokuwa na haraka, alisimama mlangoni akaita hivyo hivyo: Kata, Pima, njooni mle. Majina yao ya kuzaliwa yalibaki kwenye vyeti, na vyeti vilibaki chini ya godoro.

Majina hayo hayakuokotwa. Karakana yao ilikuwa chumba kimoja cha matofali chenye mlango wa bati unaofungukia barabarani, benchi moja la mbao nene, jiliwa moja la kubania chuma, na ukuta mzima uliotundikwa rimu. Humo ndani mdogo ndiye aliyepima na kuchomea, mkubwa ndiye aliyekata, kupiga tupa na kufunga. Mdogo alipewa jicho, mkubwa akapewa mkono. Mtu akileta baiskeli iliyopinda, Pima alifumba jicho moja, akachungulia kama anayelenga ndege, akasema, imelalia kushoto nusu kidole. Ukienda na rula unakuta nusu kidole. Kata rula hata haishiki. Yeye kazi yake ilianza pale mstari wa mdogo wake ulipokwisha kuchorwa.

Sasa huo mstari ndio wenye kesi, kwa hiyo tuufahamu vizuri.

Uma wa baiskeli, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, una bomba juu yake. Bomba hilo hupenya shingo ya fremu toka chini mpaka likachomoza juu, na kichwani limechongwa nyuzi kama za skrubu. Kwenye nyuzi hizo ndipo kinapozungushwa kikombe cha juu kinacholalia gololi, kisha pete yake bapa, na mwisho nati ya kufungia. Bomba huja refu, na lazima likatwe lilingane na shingo. Ukiliacha refu, nati inagota kabla ya kubana na usukani unagonga kila shimo. Ukilikata fupi, nati inakosa nyuzi za kuuma. Inakaa pale kwa heshima tu, kama mgeni aliyeketi ncha ya kiti. Siku moja kwenye mteremko kikombe kinajifungua chenyewe, uma unalegea shingoni, na mpanda baiskeli anagundua kwamba gurudumu halimsikilizi tena. Mafundi wana msemo wao: refu linakatwa tena, fupi halina dawa.

Zamani, bado vijana, Kata aliwahi kukata bomba la mteja likapungua uzi mmoja. Walimtafutia mteja uma mwingine, mambo yakaisha, watu wakacheka. Lakini tangu siku ile Pima, bila kusema neno, akawa anachora mstari wake nyuzi tatu juu ya pale panapostahili. Alikuwa anaacha nyama, kama fundi cherehani anavyoacha kitambaa ndani ya pindo. Na Kata hakuwa mjinga. Mara ya pili tu alipoona bomba limezidi kwa nyuzi tatu, akaelewa kwamba mdogo wake anauogopa mkono wake. Ikamuuma. Hakusema. Akapeleka msumeno nyuzi tatu chini ya mstari, baiskeli ikatoka sawa kabisa.

Basi wakaishi hivyo miaka thelathini na mmoja. Huyu anaongeza, huyu anapunguza, baiskeli zinatoka sawa. Kila Pima akikabidhi bomba alisema, kaka, kata kwenye mstari. Na kila mara Kata alijibu, kwani nimewahi kukata kwingine? Kisha kila mmoja akainamia kazi yake. Ungewauliza watu wa mtaa ule, wangekuambia hawajaona ndugu wanaoaminiana kama wale.

Mwaka huu Pima akashikwa na kifua. Kilianza kama mafua ya kawaida, kikapanda, kikashuka, kikagoma kutoka. Hospitali walimpiga picha, wakampa dawa za kumtuliza, wakamwambia apumzike, na yeye akasikia kile walichokuwa hawakisemi.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, ambaye ndiyo kwanza amemaliza mafunzo ya uuguzi. Alikuwa amepangiwa kazi kwenye zahanati ya ng'ambo ya kilima, kazi ya kuzungukia wagonjwa majumbani mwao, wazee wasioweza kutembea na akina mama waliojifungua juzi. Kazi ya miguu, na njia yenyewe inapanda upande mmoja na kuteremka upande wa pili, mteremko mkali unaopita kwenye machimbo ya mawe. Pima alikuwa amemwahidi baiskeli tangu yuko darasani. Sasa aliona ahadi inamkimbia, akaanza kuikimbilia.

Hakununua fremu. Aliitengeneza. Kata alimwona akikaa kwenye kigoda, akachomea kiungo kimoja kwa shaba, akapumzika nusu saa akihema, akachomea kingine. Akimwambia acha nikusaidie, Pima alimjibu kwamba mkono wa kaka utasubiri zamu yake. Miguu ya uma aliipinda mwenyewe kwenye kigogo chake cha siku zote, taratibu, kwa kipimo cha mikono ya binti yake. Bomba alilipeleka kwa fundi wa kerezo likachongwe nyuzi. Vikombe viwili visivyo na nyuzi, vya kupokea gololi, akavigonga ndani ya shingo, kimoja juu kimoja chini, na hiyo ndiyo nyundo ya mwisho aliyoinua. Fremu ilipakwa rangi ya kijani ikiwa karakana, uma ukapelekwa nyumbani chumbani kwake pamoja na rula yake ya chuma, kwa sababu kufika barabarani alikuwa hawezi tena. Wiki mbili baadaye wakamzika.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, siku ya Alhamisi, mjane alikuja karakana na uma umefungwa kwenye kipande cha shuka. Aliuweka juu ya benchi kama mtu anayelaza mtoto. Binti, akasema, anatakiwa kuripoti kazini Jumatatu. Kilichobaki ni kukata bomba na kufunga.

"Shemeji, mdogo wako aliniachia maneno," akasema. "Ukate kwenye mstari. Alisema safari hii mstari ndio wenyewe."

Na Kata, ambaye tangu mazishi uso wake ulikuwa umefungwa kama duka la aliyefilisika, akatabasamu. Maneno aliyoyasikia kila wiki kwa miaka thelathini na mmoja, kumbe yangemfikia hata baada ya kaburi. Akataka kumjibu shemeji yake lile jibu la siku zote, akaishia kuitikia kwa kichwa. Mjane akaondoka.

Alianza kazi hapo hapo, maana aliogopa akikaa hataanza. Akazungusha kwanza nati kuukuu kwenye bomba mpaka chini, ili baada ya kukata, akiifungua, isafishe nyuzi zitakazokuwa zimelemaa mdomoni. Akalibana bomba kwenye jiliwa katikati ya vibao viwili vya mti laini, jiliwa lisije likalichubua. Akautafuta mstari kwa ukucha. Ulikuwapo, umekwaruzwa kwa ncha ya msumari, mwembamba, ukizunguka bomba zima bila kuyumba. Hungeweza kujua kwamba aliyeuchora alikuwa amelala kitandani. Kata akahesabu kwa ukucha kwenda chini. Moja. Mbili. Tatu. Akaweka msumeno.

Alikata taratibu kuliko kawaida yake. Ilikuwa kama wanazungumza. Kila mkono ulipokwenda na kurudi alihisi mdogo wake yuko nyuma ya bega lake, anajifanya hatazami. Alikuwa hajasikia raha namna ile tangu kifo, na kwa kweli aliionea aibu raha hiyo, akaiacha ikae. Kipande kikakatika, kikalia sakafuni kama pete iliyoanguka, kikabingirika chini ya benchi.

Akapiga tupa mdomo wa bomba mpaka ukawa laini, akafungua ile nati kuukuu, nyuzi zikasafika. Akapaka grisi kwenye kikombe cha chini, akapanga gololi moja moja, akauingiza uma, akapanga gololi za juu, akazungusha kikombe chenye nyuzi kwa vidole mpaka kikakaa, akaweka pete bapa. Kisha akashika nati ya kufungia.

Nati ile ina nyuzi tano ndani. Fundi huzihesabu bila kujijua, kwa jinsi mkono unavyozunguka. Mkono wa Kata ukazunguka mara moja, ukazunguka nusu, nati ikagota.

Akadhani kuna uchafu. Akaifungua, akaifuta, akapuliza. Mara moja na nusu. Akabadilisha nati. Mara moja na nusu. Akafungua kila kitu, akatazama gololi kama kuna mbili zimepandana, hakuna, akafunga upya. Mara moja na nusu.

Hapo akapiga magoti, akapapasa chini ya benchi kati ya vumbi la chuma, akakipata kile kipande. Akakipeleka mlangoni penye mwanga. Mstari wa Pima ulikuwa juu yake, na chini ya mstari nyuzi tatu, na chini ya nyuzi tatu mahali msumeno ulipokula nusu yake. Tatu na nusu kutoka kwenye tano. Hesabu hiyo haikuhitaji rula.

Jirani yake kinyozi alikuwa amekaa kizingitini kwake anangoja vichwa. Akamwona Kata amesimama na kipande cha bomba kiganjani, akaona ni wakati mzuri wa kumchangamsha mzee. Akamwambia kazi ya kukata ni moja lakini bahati si moja: bora yeye, akipunguza mno, kichwa cha mtu huota tena. Mzaha huo walikuwa nao miaka yote. Kata akamjibu ni kweli, akaingia ndani, akavuta mlango nusu.

Nini kingeweza kufanyika? Alikaa akapanga moja baada ya jingine. Kuongeza bomba haiwezekani. Kutoa bomba lote na kuchomea lingine inawezekana, lakini kwa mtu anayejua kuchomea shaba bila kuunguza uma, na mtu huyo mmoja wa mtaa ule walikuwa wamemfukia. Waliobaki walikuwa wachomea mageti. Kuwapa uma ule ni kumpa mchinjaji jino aling'oe. Kuna kupiga tupa shingo ya fremu ipungue nyuzi tatu na nusu. Shingo ikipungua kwa mkono inapinda upande, vikombe havitazamani, gololi zinasaga. Na rangi, na kiungo cha shaba cha juu alichokichomea Pima akihema, vyote vingeliwa na tupa.

Kulikuwa na njia nyingine, na hiyo haikuhitaji chombo chochote. Nati ilikuwa imekaa. Kwa nje ilikuwa nzuri, inang'aa, imelala sawa juu ya pete yake. Ukiweka usukani juu yake hakuna jicho litakaloona ndani mna nyuzi ngapi. Jicho pekee lililokuwa na uwezo wa kuona lilikuwa limekwisha kufumbwa.

Siwezi kusema kwamba aliamua. Hakuamua. Alifanya tu kitu kinachofuata, kisha kinachofuata. Ijumaa akatia magurudumu, akakaza spoku, akafunga breki, akaweka usukani, cheni, kiti. Mjane akapita jioni, akaishika fremu kwa mikono miwili, akalia, akasema ni yeye kabisa, ni mkono wake. Kata akasema ndiyo. Usiku huo hakula. Mke wake akamuuliza kuna nini, akasema meno.

Jumamosi asubuhi binti akaja. Alikuwa na urefu wa baba yake na namna yake ya kuinamisha kichwa upande mmoja akitazama kitu. Aliizunguka baiskeli bila kuigusa. Kisha akaipanda, akazunguka mtaani, akapita kwa kinyozi, akapita kwa muuza mkaa, watu wakampigia makofi, akarudi mpaka mlangoni, akasimama mguu mmoja chini. Akasema haigongi hata kidogo. Akasema usukani unakwenda pale unapofikiria, hata kabla hujauambia. Kisha akasema, akicheka kwa mara ya kwanza, kwamba kule kwenye mteremko wa machimbo ataachia breki aone inakwenda kiasi gani.

"Shuka," Kata akasema.

Binti akadhani hakusikia vizuri.

"Shuka, mwanangu. Hiyo baiskeli haiendi popote."

Akashuka. Kata akaiingiza ndani, akaiegemeza kwenye benchi, akafungua usukani, akafungua nati mbele yake, polepole, ili aione mizunguko yenyewe: moja, na nusu, ikatoka. Akamweleza nati inapaswa kuzunguka mara ngapi, na ikizunguka mara moja na nusu ni nini kitatokea, mahali gani. Akampa kile kipande cha bomba. Akamwonyesha mstari.

Binti alikuwa amesomea mambo ya miili, si ya baiskeli, lakini kuhesabu alijua. Akahesabu nyuzi zilizo chini ya mstari. Akainua macho.

"Baba Mkubwa, mama hakukwambia?"

"Aliniambia."

"Alikwambia kwamba safari hii mstari ndio wenyewe?"

"Aliniambia hivyo hivyo."

"Sasa kwa nini?"

Kata akajaribu kueleza. Mambo ya miaka thelathini na mmoja, ukiyatoa nje kwa maneno, yanakuwa madogo na ya kijinga. Alieleza nyama ya pindo, alieleza nyuzi tatu, alieleza jinsi alivyoumia ujanani na jinsi alivyonyamaza. Alisema alidhani ni mzaha wao. Alipofika hapo akabaki anafuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono.

Mjane alikuwa amefika, amesimama mlangoni na mwavuli wake, hakuna aliyemwona alipoingia. Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu.

"Alikuwa anajua, shemeji," akasema.

"Anajua nini?"

"Kwamba unakata chini. Alijua tangu mwanzo. Alikuwa akirudi nyumbani ananiambia, leo tena kaka kanipunguzia tatu zangu. Anacheka. Alisema nyie wawili ni waongo mnaolingana, ndiyo maana kazi inatoka."

Kata akakaa kwenye kigoda, kile kile cha marehemu, kisha akagundua amekaa wapi, akabaki hapo hapo.

Mjane akaendelea, macho yake yako kwenye baiskeli. Alisema siku ya mstari ule Pima alilala na bomba kifuani asubuhi nzima. Alichora, akaona amechora juu kwa mazoea, akaufuta kwa tupa ndogo, akachora tena. Mke akamwambia acha, si yule yule kaka yako, atapunguza kama kawaida yake. Akasema hapana. Akasema hataki kuondoka akiwa bado anamwachia kaka yake nyama, kama mtu asiyemwamini. Huyu ni mtoto wetu sote, akasema, nampa mstari wa kweli, yeye atauona.

Nje kinyozi alikuwa anamwambia mteja asitikisike.

Binti ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, na alichosema kilimshtua Kata kuliko lawama. Alisema ataichukua hivyo hivyo. Atakwenda taratibu. Kwenye mteremko atashuka, ataikokota. Kila Jumamosi atakuja, nati itazamwe. Hataki uma wa dukani, anataka wa baba yake, na kama ni uzi mmoja na nusu, basi uzi mmoja na nusu ndio aliobakiziwa. Mama mtu hakumpinga. Ilionekana hata yeye angependa iwe hivyo.

Kata akawatazama wote wawili. Walikuwa wanampa msamaha ambao ungempunguzia kila kitu. Kazi ya Pima ingebaki nzima, watu wangeiona ikipita, yeye angekuwa ndiye aliyeimalizia. Alichotakiwa ni kunyamaza, na kunyamaza alikuwa na uzoefu nako.

"Utashuka Jumatatu," akasema. "Na Jumanne utashuka. Siku mtu atakapokuita mtoto wake hapumui, hutashuka."

Binti akaanza kulia, si kwa sauti. Kata akageuka kwenye benchi, akaitoa pete bapa, akakizungusha kikombe, akauchomoa uma shingoni. Gololi zikamwagika kwenye sinia, chache zikakimbilia mlangoni. Akazifuata kwa magoti, moja moja, mzee mzima, na hakuna aliyemsaidia, kwa kuwa kila mmoja aliona angemwaibisha.

Jumapili duka la vipuri lilifunguliwa nusu siku. Akanunua uma mweusi, chuma cha kiwandani, mguu wake umenyooka kama wa kila baiskeli. Kwenye fremu ya kijani ulionekana kama jino la bandia. Bomba lake lilikuwa refu, lazima likatwe.

Binti alikuja peke yake, amefunga kanga kiunoni juu ya sketi yake, akasema yuko tayari kushika kitakachohitaji kushikwa. Kata akamwambia akae kwanza. Akavaa miwani ya mke wake, maana yeye hakuwahi kuhitaji miwani ya kusomea. Akachukua rula ya chuma ya mdogo wake, ambayo binti alikuja nayo. Akapima shingo ya fremu na vikombe vyake, akaongeza urefu wa kikombe chenye nyuzi, pete na nati, akarudia, akaandika kwenye ubao kwa chaki, akarudia tena kwa sababu hakuamini namba iliyoandikwa na mkono wake mwenyewe. Akachukua msumari, akakwaruza mstari kuzunguka bomba. Ulikuwa mnene, umeyumba mahali pawili.

Akauchunguza. Akapima tena. Alikuwa ameuweka nyuzi mbili juu.

Hakuwa amekusudia. Mkono ulipanda wenyewe, kwa woga tu, woga wa mtu ambaye juzi kakata fupi. Akakaa nao kidogo. Kisha akaufuta kwa tupa, akachora mwingine, safari hii akamwita binti asome rula, kwa kuwa macho yake yana umri mdogo. Binti akainamisha kichwa upande mmoja, akasoma, akasema hapa. Kata akachora hapo.

Akazungusha nati kuukuu, akabana bomba, akaweka msumeno juu ya mstari. Mkono ukangoja. Ulikuwa umezoea kuteremka, na ulijua njia yake kama punda anayerudi nyumbani. Akaushikilia pale kwa mkono wa pili. Akakata.

Kipande kilipoanguka hakukiokota. Akapiga tupa, akasafisha nyuzi, akapanga gololi. Binti akashika kikombe kwa spana, chini ya nati, ili kisizunguke, yeye akazungusha nati kwa vidole, wote wawili wakihesabu kwa sauti ya chini: moja, mbili, tatu, nne, na ya tano nati ikabana. Akaikaza kwa spana. Akainua mbele ya baiskeli, akautikisa uma, hauchezi. Akaugeuza kushoto na kulia kwa kidole kimoja, haukabi. Mdomo wa bomba ulikuwa umekaa ndani ya nati pale pale panapotakiwa, hata unene wa karatasi haukuzidi.

Mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na mmoja alikuwa amekata kwenye mstari, na imetoka sawa. Haikuwa kazi ngumu. Mtu anaweka msumeno mahali alipoambiwa, basi.

Binti akamuuliza kama imekwisha. Akasema imekwisha. Akamuuliza kama anaweza kuijaribu. Akasema aende, afike mpaka kwenye kona, arudi, ajaribu breki zote mbili. Akaisukuma nje, akaipanda, na Kata akasikia gurudumu likiondoka kwenye vumbi bila kugonga.

Alikuwa bado amesimama, spana mkononi, miwani ya mke wake usoni, binti aliporudi mlangoni na kumwambia iko vizuri.

"Iko vizuri," Kata akasema, na akaivua miwani kwa sababu haikuwa inamsaidia tena kuona.